Kura si Kangomba: Maswali ya Wakristo wa Mtwara na Lindi Kuhusu Uchaguzi

Kila uchaguzi unapokaribia, darasa letu la Biblia la Jumatano jioni hapa Masasi hugeuka baraza la siasa, tupende tusipende. Maswali mengine huulizwa mbele ya wote. Mengine mtu hunivutia pembeni baada ya sala ya kufunga, hasa yale ya hela. Nimeandika hapa yanayorudi kila mara, karibu na namna yalivyoulizwa. Mimi si mchungaji wala mwanasheria. Ni mwalimu mstaafu, mkulima wa korosho, na niliwahi kuwa karani mwongozaji kituoni mara mbili. Kadi ya chama sina, na hata ukisoma hadi mwisho hutajua kura yangu ilikwenda kwa nani.

Mkristo na siasa wapi na wapi? Si Bwana Yesu alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu?

Alisema, Yohana 18:36. Lakini angalia alikuwa anamwambia nani. Mbele yake alikuwa Pilato, liwali aliyejua kabisa kuwa mshitakiwa hana hatia, akamtoa asulubiwe kwa kuogopa kelele za umati. Habari hiyo hiyo tunayoikimbilia ili tukwepe siasa ndiyo inayoonyesha kiongozi mwoga anavyoweza kumwaga damu.

Msome na Yeremia 29:7. Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli hawakumchagua yeyote kati ya waliowatawala, na bado waliambiwa wautakie amani mji ule na kuuombea, maana katika amani yake wangepata amani yao. Sisi hatuko Babeli. Ibara ya 5 ya Katiba ya 1977 inampa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura. Ufalme wa Mungu si wa ulimwengu huu, sawa, lakini salfa tunayopulizia mikorosho ni ya ulimwengu huu, na zahanati isiyo na dawa vilevile.

Nisipopiga kura nimetenda dhambi?

Sitakutungia dhambi. Sheria yetu inaiita haki, na hakuna atakayekutoza faini. Ila jichunguze sababu. Aliyekaa nyumbani kwa sababu dhamiri yake imekataa wagombea wote hafanani na aliyekaa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Huyu wa pili asome Yakobo 4:17 polepole.

Mgombea akinipa hela nikaila, halafu kura nikampa mwingine, kosa liko wapi?

Hili ndilo swali namba moja la pembeni, na najua wapo watumishi wa Mungu wanaolijibu kwa kicheko: "Kuleni, kura mpeni mnayemtaka." Mimi siungani nao.

Sisi wa kusini tunaijua kangomba kuliko mtu yeyote. Mikorosho ingali kwenye maua, nyumbani hakuna unga, mtoto anatakiwa shule, anapita mtu na hela mkononi. Anakupa kidogo, mnaandikiana kwenye karatasi ya daftari, na msimu ukifika korosho si zako. Jirani yako aliyevumilia anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaingia mnadani. Oktoba 2024 mnada wa kwanza bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Wewe unasimama barabarani unayatazama malori. Kila mtu anasema kangomba ni wizi, na sheria inaikataza, lakini kila mwaka ipo, kwa sababu njaa ipo.

Kura inauzwa vivyo hivyo. Chukua shilingi 5,000, ambayo kwa wengi ni bei ya juu, wengine wamechukua kanga au chumvi. Uigawe kwa siku za miaka mitano. Haifiki shilingi tatu kwa siku. Na aliyekununua hatarudi kijijini, kwa nini arudi? Ameshalipa. Ukimuuliza maji, moyoni anajua hamdaiani.

Unasema kura utampa mwingine. Basi umeongeza uongo juu ya rushwa, na umemfundisha mgombea kwamba uchaguzi ujao aje na hela nyingi zaidi. Hizo hela atazirudisha kutoka wapi? Kutoka hesabu zilezile za barabara na madarasa. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha hao waonao. Haikusema huwapofusha wapumbavu, imesema waonao.

Kuna wakati sheria yetu ilikuwa na mlango wa takrima, yaani ukarimu wa kidesturi wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaufunga, ikisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Na katika sheria ya rushwa anakamatwa anayetoa na anayepokea. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Niongeze jambo moja ambalo wazee wa Masasi hawapendi lisahaulike. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta hapa watu waliokombolewa utumwani, na ndipo Ukristo wa sehemu hizi ulipoanzia. Njia za misafara zilikuwa zikiteremka hadi Kilwa na Mikindani, na watu walikuwa bidhaa. Kanisa la watu waliowahi kuuzwa linapopanga foleni kwa 5,000, mimi hunyamaza kwanza kabla ya kufundisha.

Nimeshaipokea na nimeshaitumia. Sasa?

Tubu. Kama unaweza kuirudisha bila kujiweka hatarini, irudishe; kama huwezi, toa kiasi hicho kwa mjane fulani na usitangaze. Kisha nenda kapige kura kwa dhamiri yako, huna deni. Mkataba wa uovu haumfungi mtu mbele za Mungu.

Walinishikisha Biblia niape. Naogopa laana.

Mama aliyeniuliza hili alikuwa hajalala siku mbili. Walikusanywa kumi na watano kwenye uwanja wa nyumba ya mtu usiku, Wakristo wakashikishwa Biblia, Waislamu msahafu, wakaapa kumchagua mtu fulani. Tena aliyewaapisha hakuwa mchungaji wala shehe.

Jibu langu: soma Mathayo 14. Herode aliapa mbele ya wageni, akaona aibu kurudi nyuma, kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa kwenye sahani. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuapa. La pili, kubwa zaidi, kukitimiza kiapo hicho. Mambo ya Walawi 5:4-5 inamtaja mtu aliyeapa kwa haraka ya midomo, na haimwambii akatende alichoapa, inamwambia aungame. Biblia si hirizi ya kumfungia mtu. Ungama kwa Mungu, mweleze padri au mchungaji wako kama moyo bado mzito, na chumba cha kura ukiingia, umeingia peke yako.

Yule mama alilala usiku ule. Alinipitishia ming'oko, viazi vyetu vya porini, siku ya pili.

Si bora nimchague Mkristo mwenzangu?

Lindi na Mtwara ni nchi ya misikiti na makanisa yanayosikilizana adhana na kengele. Kwenye ukoo mmoja wa Wamakua au Wamwera utakuta Yohana na Yusufu ni mtu na kaka yake. Anayekuja hapa kuhesabu wagombea kwa dini anapasua nyumba ya mtu.

Kwa upande wa sheria, Katiba inasema nchi haina dini, na Ibara ya 20 inakataza kuandikishwa chama kinachopigania maslahi ya dini fulani. Hata sensa yetu haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967. Kwa upande wa mazoea, tumetawaliwa na Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa wetu wa Lupaso Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki na Samia Mwislamu. Kama kuna aliyeharibu au kutengeneza, hakufanya hivyo kwa sababu ya jina la ubatizo.

Na kwa upande wa Maandiko nina kitu ninachokipenda sana. Kipimo cha kiongozi tunachokinukuu makanisani kila uchaguzi kiko Kutoka 18:21: watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Aliyekitoa ni nani? Yethro, mkwe wa Musa, kuhani wa Midiani. Hakuwa Mwisraeli. Musa akamsikiliza, na taifa likapangika.

Mkristo mwizi atakuibia akiimba tenzi.

Basi nimpimeje mgombea?

Kwanza ujue kazi anayoiomba, maana nusu ya ahadi za kampeni hupotelea hapo. Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti na kuihoji serikali. Akikuahidi atajenga barabara ya lami kwa mkono wake, anakudanganya au hajui kazi. Diwani anakaa halmashauri, na huko ndiko ushuru wa mazao unakoamuliwa utumikeje, na ndiko inakopita mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotengwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Kwa maisha ya kila siku diwani ananigusa kuliko mbunge, lakini kwenye kampeni za diwani huwa tunabaki watu arobaini na watoto. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Wa mwisho ulikuwa Novemba 2024.

Kisha umuulize maswali yanayojibika. Usimuulize "utatusaidiaje wakulima?" Hilo hata kasuku analo jibu lake. Muulize pembejeo za mwaka jana zilifika mwezi gani hapa kijijini, na yeye alifanya nini zilipochelewa. Watu wa Newala na Tandahimba wamuulize maji ya uwanda wa Makonde yanatoka bombani siku ngapi kwa mwezi. Wa Kilwa wamuulize gesi ya Songo Songo imeacha nini kijijini kwao. Anayeijua shida atakujibu kwa majina ya vijiji. Asiyeijua atapandisha sauti na kuitikisha "oyee".

Na muulizie alikotoka. Alikuwa kiongozi wa AMCOS? Wakulima walilipwa? Ametelekeza mke Nachingwea? Samahani, lakini watu huona aibu kuuliza hilo, na mimi naona ni halali. Asiyelisha nyumba yake ataulishaje mkoa.

Mchungaji wetu ametuambia tumchague fulani. Nikikataa nimemwasi Mungu?

Hapana. Mchungaji ana kura moja, sawa na wewe. Akikufundisha kuchukia rushwa, kupenda haki, kuombea nchi, hiyo ni kazi yake. Mwaka 2018 maaskofu wa Katoliki katika ujumbe wa Kwaresima, na wa Kilutheri (KKKT) katika ule wa Pasaka, waligusa hali ya siasa ya nchi waziwazi. Walikosolewa sana, na mimi nadhani walifanya wajibu wao. Lakini kutaja jina la mgombea kutoka madhabahuni ni jambo jingine. Kwa Wakatoliki, sheria za Kanisa zenyewe zinamzuia padri kushika madaraka ya serikali na kujihusisha kwa bidii na vyama. Maadili ya uchaguzi nayo hayaruhusu kampeni kwenye nyumba za ibada.

Mheshimu, mwamkie, mpelekee na kuku wake. Kura bakiza.

Mgombea ametoa mabati ya kanisa. Tuyakatae?

Kama ni msimu wa kampeni, ndiyo, na inauma, najua, hasa masika ikiwa mlangoni. Mwanzo 14:23, Abramu alimkatalia mfalme wa Sodoma hata uzi na gidamu ya kiatu, asije akasema, Nimemtajirisha Abramu. Nakijua kigango kimoja kilichopokea. Kuanzia siku ile benchi la mbele likawa na wenyewe, na mzee wa kanisa aliyeuliza swali kwenye mkutano wa kampeni akaambiwa paa linalomfunika ni la nani. Mtu akitaka kumtolea Mungu, aje katikati ya miaka mitano, jina lake liandikwe kwenye daftari la sadaka kama wengine, aketi.

Mume wangu anataka nimpigie wa chama chake, na Maandiko yanasema nimtii.

Waefeso 5:22 huwa inasomwa haraka, kana kwamba mstari wa 21 unaosema tunyenyekeane haupo. Kura ni siri, na siri hiyo inamhusu hata mume. Huna haja ya kugombana jikoni. Abigaili, 1 Samweli 25, alipoona ujinga wa Nabali unaelekea kuangamiza nyumba, alipakia punda akaenda zake. Na Biblia inasema wazi: hakumwambia mumewe.

Kaka unayeificha kadi ya mkeo kwenye sanduku, irudishe leo.

Uchaguzi unakuja katikati ya korosho. Niko shambani Tandahimba, nimejiandikisha Mtwara mjini.

Unapiga kura ulikojiandikisha. Tume ikitangaza uboreshaji wa Daftari la Kudumu, hapo ndipo pa kuhamisha taarifa zako. Usingoje wiki ya mwisho. Kwa kuwa uchaguzi mkuu huwa Oktoba, nasi Oktoba tunaokota, pangeni kwa zamu: mmoja abaki na korosho, mwingine aende, kisha mbadilishane. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa 10 ikifika ana haki ya kupiga. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu hawapangi foleni. Asiyeona anaweza kuingia na mtu anayemwamini yeye mwenyewe.

Ikiangukia Jumapili?

Ilishatokea, 2010 na 2015. Ibada ya alfajiri, kisha kituoni. Nilikwenda na Biblia kwapani, nikaambiwa niiache nje ili isionekane kampeni. Nilicheka.

Nifanye nini kura yangu isiharibike?

Alama ya vema moja, ndani ya kisanduku cha unayemtaka, basi. Usiandike mstari wa Biblia, wala jina lako. Nikiwa karani niliona kwenye kuhesabu karatasi iliyoandikwa "Mungu ibariki Tanzania" pembeni ya wagombea wawili waliowekewa alama wote. Maombi mazuri, kura imeharibika.

Nimetumiwa sauti kwenye WhatsApp, inasema mgombea fulani ni mwanachama wa kundi la kishetani. Nisambaze?

Kutoka 23:1: usivumishe habari za uongo. Anayesambaza "kama nilivyopokea" hajajiondolea hatia, Pilato naye alinawa mikono. Kama humjui aliyezungumza, na hakuna aliyeshuhudia, ifute. Tena maneno ya ushirikina kwa sehemu zetu si mzaha. Watu wamevunjiwa nyumba kwa fununu nyepesi kuliko hiyo.

Baada ya Oktoba 2025 sina hamu tena. Kwa nini nipange foleni?

Hili sasa ndilo la kwanza kwa vijana wangu, na silijibu kwa haraka. Tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata watu walikufa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku. Chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi. Mkristo hana ruhusa ya kusema "amani, amani" mahali ambapo amani haipo. Yeremia 6:14 aliwakaripia makuhani waliofanya hivyo. Kwa hiyo anza na kulia. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini", na ni sala halali, haihitaji kibali.

Lakini sisi wa kusini tuliyaona ya gesi mwaka 2013. Swali lilikuwa la haki kabisa, bomba linakwenda Dar es Salaam na sisi tunabaki na nini, likaishia kwenye moto, risasi na makaburi. Walioliuliza kwa mawe walinyamazishwa, na swali lenyewe likazikwa nao kwa muda mrefu. Siwezi kumwambia kijana wangu aende huko.

Ninachomwambia ni kidogo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Usiposomewa, simama uombe. Dai katiba na tume unazoziamini, kwa maandishi, kwa midomo, ukiwa na wenzako wa msikitini. Na ukifika 2029 au 2030 dhamiri yako ikakataa kabisa kwenda kituoni, sitakusimanga. Nitakuomba tu uwe umekwenda kwenye mikutano ile ya katikati.

Mimi nataka kugombea. Wazee wa kanisa wanasema siasa ni uchafu.

Waamuzi 9, mfano wa Yothamu. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukasema una mafuta yake, mtini una utamu wake, mzabibu una divai yake. Wote walikuwa na shughuli nzuri. Mwishowe ukaombwa mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukawaalika wajifunike kwa kivuli chake. Kivuli cha miiba! Wasomee wazee wako habari hiyo, kisha uwaulize nani abaki na kitongoji chenu.

Ila ukigombea, achia kwanza uzee wa kanisa au uongozi wa kwaya hadi kampeni ziishe. Na usitumie namba za simu za waumini.

Haya yote yanahusu pia uchaguzi wa viongozi wa AMCOS?

Yanahusu, na huko ndiko pa kujifunzia, maana hela yako iko mezani unaiona. Tunanyoosha mikono kumchagua katibu tusiyemjua kwa sababu jua linachoma na soda zinakaribia kwisha, kisha Desemba tunamlaani. Mkutano ukitangazwa, nenda na stakabadhi zako za msimu uliopita, keti mbele, na hesabu zisomwe kabla ya soda.